Walivyonitakasa kwa Safari ya Shabunda

Mwinjilisti alitangaza safari ya Shabunda Jumapili moja ya mvua, mwishoni mwa ibada, watu wakiwa wameanza kutafuta miavuli yao chini ya viti. Alisema parwasi yetu, kanisa la mtaa wa Nguba mjini Bukavu, itatuma kundi la vijana na akina mama wachache kuhubiri kule msituni, kwenye vijiji vya wachimba dhahabu, na kwamba anayesikia wito ainue mkono. Mimi niliuinua kabla hajamaliza kusema. Mjomba wangu, aliyekaa upande wa wanaume, aligeuka akanitazama bila kuelewa. Alijua kwamba kwa muda mrefu sikuwa mtu wa kuinua mkono kanisani.

Shabunda ilikuwa kwa baba yangu. Yeye alikuwa Mrega, mwalimu wa shule ya msingi, na alikufa kwa homa nikiwa bado sijaanza kusoma. Mama, aliyekuwa mtu wa Kalehe, alirudi huku ziwani kutafuta kazi ya kushona, akaniacha kwa mama wa baba yangu. Tulimwita koko. Koko alinilea mpaka nilipokuwa msichana wa kutumwa sokoni peke yangu, kisha mama akaja kunichukua niende shule Bukavu. Nilipanda kamio, lori la mizigo, nikilia, na tangu siku ile sikumwona koko tena. Barabara ilikuwa mbaya, na kila mwaka ilizidi kuwa mbaya. Habari zake nilizipata kwa wafanyabiashara waliokuja na mafuta ya mawese.

Kwa hiyo nilipoinua mkono nilikuwa namfikiria koko. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo inabidi niieleze vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyoharibu mambo.

Mwaka uliotangulia mama yangu alikuwa ameugua. Tumbo lilimvimba, na daktari akasema lazima apasuliwe. Tulikuwa tukipanga siku, wakati kundi la maombi la parwasi lilipokuja nyumbani. Waliongozwa na mama mmoja, mke wa shemasi, ambaye sote tulimwita maman kiongozi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti tamu, mrefu, kilemba chake hakikuwahi kukaa upande. Walimzunguka mama, wakaimba, wakaomba mchana mzima. Mwishowe maman kiongozi akasema ameonyeshwa kwamba ugonjwa umetoka, na kwamba kwenda kupasuliwa sasa ni kumwambia Mungu hatumwamini. Mama alifurahi sana. Jumapili iliyofuata alivaa kikwembe chake kipya cha kitenge akasimama mbele ya watu kushuhudia. Kabla ya mvua za msimu ule kuisha, tulimzika.

Kanisani hakuna aliyelitaja tena neno lile la uponyaji. Walisema Bwana ametwaa. Maman kiongozi mwenyewe alipika chakula cha matanga, akanishika mkono makaburini. Nami niliendelea kwenda kanisani kama zamani, nikiimba katika korale, lakini kila nilipofumba macho kuomba nilikuta pametulia tu. Hapakuwa na hasira wala machozi. Maneno hayakuja. Nikadhani nikifika kwa koko, mahali nilipofundishwa kuomba mara ya kwanza, pengine yatarudi.

Matayarisho yalianza juma lile lile. Tulikutana jioni baada ya kazi katika chumba cha nyuma ya kanisa, chenye benchi ndefu na dirisha linaloangalia ziwa. Mimi nilikuwa daktilo, mpiga chapa wa ofisini, katika biro moja ya mjini, nikitoka kazini natembea moja kwa moja hadi pale, vidole bado vinauma kwa mashine. Jumatano na Ijumaa tulifunga bila kula. Mwinjilisti alitufundisha jinsi ya kuhubiri kwa watu wasiosoma, jinsi ya kukaa bila kulalamika tukipewa chakula tusichokizoea, jinsi ya kunyamaza tukitukanwa. Alikuwa kijana, mkali kidogo, na abakosti yake, lile koti la siku zile lisilovaliwa na tai, ilikuwa imepauka mabegani. Aliamini kila alichokisema. Siku zile serikali ilikuwa imetukataza majina ya ubatizo, na huko nje sote tulikuwa sitwayeni, yaani raia, fulani na fulani, lakini katika chumba kile aliyaita majina yetu ya zamani kwa sauti ya chini, na kila mtu alipoitwa alikaa wima. Nilipenda zile jioni. Nisipolisema hilo nitakuwa simtendei haki mwinjilisti.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu pale. Hakuna mwingine aliyejua Kilega, lugha ya Warega. Nusu saa ya mwisho mwinjilisti alinipa nafasi, nami niliwafundisha salamu, jinsi ya kushukuru, jinsi ya kumwita mzee kwa heshima. Tuliuweka wimbo mmoja wa korale katika Kilega, mstari kwa mstari. Walivunja maneno vibaya, tukacheka sana. Kwa mara ya kwanza tangu mama afe nilijisikia mtu wa mahali fulani.

Kisha likaja jambo la kusafisha moyo. Mwinjilisti alisema kwamba kabla ya kwenda, kila mmoja ataketi na kiongozi wake, wanaume kwake yeye na wanawake kwa maman kiongozi, aseme lolote lililofichika ndani. Alitukumbusha yule mtu wa zamani katika Biblia aliyezika vitu vya haramu chini ya hema yake, na jeshi zima likashindwa vita kwa sababu yake. "Hatupeleke mutu kama ule Shabunda," alisema.

Zamu yangu ilipofika, maman kiongozi alinipokea nyumbani kwake, chumbani, mlango umefungwa. Alinikalisha kitandani karibu naye, akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Mutoto yangu," alisema, "hapa tuko wawili na Mungu. Kama kuko kitu ndani ya roho, toa. Kule tunaenda, shetani anatafuta mulango. Asipate mulango kwako."

Nilikuwa nimejiandaa kusema vitu vidogo, vya wivu na uvivu. Lakini ule mkono ulikuwa wa joto, na nilikuwa na njaa ya mfungo, na nilimwona kama mama.

"Maman, minashindwa kuomba," nilisema.

"Unashindwa namna gani?"

"Minafunga macho, maneno haitoki. Minaimba na wengine, lakini ndani iko kimya. Tangu maman yangu alikufa."

"Na juu ya nini haukusema mbele?"

Kisha nikasema kweli, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimeombwa. "Mulisema alipona. Kila mara minafunga macho, minasikia ile neno."

Mkono uliondoka gotini kwangu. Alirekebisha kilemba ambacho hakikuhitaji kurekebishwa. Sikuwa nimemlaumu. Nilikuwa nimeonyesha tu mahali panapouma. Lakini nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia lile jambo usoni, na yeye aliliona kama lawama.

"Asante kwa kusema kweli," alisema. "Hii itabakia kati yetu." Akaniombea kwa maneno machache, akanifungulia mlango.

Jumamosi ya mwisho tulifanya salongo asubuhi kama watu wote wa mji, tukifyeka majani kando ya barabara, kisha tukaenda kanisani na udongo bado kwenye kucha. Ilikuwa siku ya kutengwa, yaani kuwekwa wakfu, kwa ajili ya safari. Tulisimama duara. Mwinjilisti aliomba, kisha akamwita maman kiongozi aseme neno.

Alianza kwa sauti yake ile tamu. Alisema Bwana amemwonyesha mzigo. Alisema yuko dada mmoja katikati yetu ambaye moyo wake umefungwa, haombi tena, anaimba kwa midomo tu, na ndani yake amemwekea Mungu kinyongo juu ya kifo. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Katika duara lile ni mimi peke yangu niliyekuwa nimezika mzazi siku za karibuni.

"Na mizizi yake iko wapi?" aliuliza, akiwatazama wote isipokuwa mimi. "Mutu anaweza kufungwa na vitu vya mababu bila kujua. Vile vitu viko kule kule tunaenda. Tunaweza kumurudisha mugonjwa mu nyumba ya ugonjwa?"

Waliniingiza katikati. Waliweka mikono kichwani kwangu, mabegani, mgongoni, wakaanza kulikemea pepo walilosema limo ndani yangu. Watu niliokuwa nimewafundisha kusema asante kwa Kilega walilipigia kelele pepo la Warega litoke. Nilisikia ukoo wa baba yangu ukitajwa kana kwamba ni jina la maradhi. Mmoja alinisukuma paji la uso ili nianguke. Sikuanguka, na hilo nalo likawa ushahidi.

Walipochoka, mwinjilisti alinichukua pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia kweli. "Dada, utabakia," alisema. "Si adhabu. Utakuwa unatuombea ukiwa huku."

Mimi niliyeungama kwamba siwezi kuomba nikapewa kazi ya kuwaombea.

Nyumbani nilimweleza mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake akaifuta na shati. Yeye ndiye aliyekuwa ametafuta daktari wa mama, na ndiye aliyeacha mama asipelekwe.

"Usijibishane nao," alisema. "Wale ni batu tunazikana nao. Siku kifo kitarudi humu, ni nani atakuja kukaa na siye?"

"Walikaa na siye, mujomba. Na maman iko makaburini."

Alivaa miwani akageukia ukuta.

Siku moja kabla ya kuondoka, maman kiongozi alikuja kwetu mwenyewe, akicheka mlangoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Alitaka nimfundishe tena zile salamu za Kilega, kwa sababu kuna maneno mawili matatu yalikuwa yanamteleza. Nilimfundisha. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu alikuwa mkubwa wangu, pengine kwa sababu nilijua hakuna njia nyingine ya kumfikia koko. Alipokuwa anaaga nilimpa kifurushi: kikwembe chenye maua ya bluu, sabuni, na chumvi ya kutosha, nikamweleza koko anakaa wapi, upande gani wa kivuko, nyumba ipi baada ya shule.

"Mumwambie ni yangu," nilisema. "Mumwambie nilitaka kuja."

"Nitamwambia yote," alisema.

Kamio lao liliondoka alfajiri kupitia njia ya Walungu na Kigulube. Mimi nilienda kazini.

Walirudi baada ya majuma kadhaa, wamekonda, ngozi zimeumwa na wadudu, na furaha yao ilijaza kanisa. Jumapili ya ushuhuda watu walisimama hadi nje. Mwinjilisti alieleza idadi ya waliookoka. Kisha maman kiongozi akasimama.

Alisema katika kijiji kimoja kulikuwa na bibi mzee, mjane wa mtu mkubwa wa bwami, kile chama cha wazee wa Kilega. Ndani ya nyumba yake, darini, alikuwa ametunza kofia ya marehemu mume wake, ya fito zilizosukwa, simbi zimeshonwa kuizunguka, na nywele za mkia wa tembo juu yake. Alisema walimhubiria, akakataa, wakafunga na kuomba, na kesho yake bibi akaitoa mwenyewe kwa mikono yake, wakaichoma mbele ya kijiji. "Na ilipoisha kuwa majivu," alisema, "tulimuvalisha kikwembe kipya cha bluu, kama vile baba alimuvalisha mutoto wake aliyepotea."

Kanisa zima lilipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama na korale, na nilijua ni nani. Ile kofia niliiona nikiwa mtoto, ikishushwa mara moja moja ili ipanguswe vumbi, na koko hakuruhusu mtu mwingine aishike.

Nilimngoja nje, kando ya ukuta wa upande wa ziwa. Alipotoka, niliwaacha akina mama wengine watangulie.

"Ile kikwembe ilikuwa yangu," nilimwambia. "Mulichoma kofia, kiisha mukamupa?"

"Kila kitu na wakati yake," alisema. "Mungu alitumia mukono yako. Ungefurahi."

"Ile kofia haikuwa ya koko. Ilikuwa ya ukoo."

"Njo maana ilibidi itoke."

"Maman yangu alikuamini," nilisema. "Alikuamini kuliko daktari."

Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa tamu. "Maman yako alikufa juu imani yake ilipunguka," alisema. "Usitafute mutu wa kubebesha." Akainua kikwembe chake kisiguse matope, akawafuata wenzake.

Nilipopata konje, yaani likizo, kazini, sikumwambia mtu wa parwasi. Nilipanda kamio la wafanyabiashara waliopeleka chumvi na bia, tukalala njiani, tukasukuma gari kwenye matope, tukala ndizi mbivu mpaka nikazichukia. Koko nilimkuta ameketi kizingitini, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, akichambua majani ya sombe, mboga ya muhogo. Hakupiga kelele. Aliniita kwa jina alilonipa yeye, akanivuta, akanigusa uso wote kwa vidole vyenye harufu ya majani. Siku ile nzima hatukuzungumza jambo lolote la maana. Alinilisha.

Kesho yake asubuhi nilimwuliza kuhusu wale wageni. Tulizungumza Kilega, nami nakumbuka maneno yake yote.

"Walinisalimu kwa lugha yetu wakaivunja, nikacheka," alisema. "Walisema wametoka kwako. Yule mama mrefu akaniambia umefungwa."

"Nimefungwa nini?"

"Moyo. Kwamba huombi, na utakaa hivyo mpaka ufe. Na kinachokufunga kiko nyumbani kwangu. Nilikataa siku ya kwanza. Kofia ya babu yako si yangu kuitoa, ilikuwa inamngoja mdogo wake. Ndipo akasema ni wewe mwenyewe uliyetuma, kwamba umelia ukiomba niitoe ili upone. Nikamwuliza, ni yeye amesema? Akasema ndiye." Koko alitupa shina la sombe pembeni. "Nilikulea mgongoni mwangu. Ningefanya nini?"

Nilitazama mikono yake ikiendelea kuchambua.

"Tangu siku ile mdogo wa babu yako hapiti hapa," alisema. "Ananiona sokoni ananipita. Hilo nalivumilia. Lakini niambie, umepona?"

Nilikuwa nimesafiri njia ile yote nikiwa na maneno ya kumwambia, jinsi walivyonizunguka, jinsi nilivyobakishwa, jinsi kikwembe kile kilivyotumiwa. Nikaona kwamba nikiyasema, atabaki ameitoa kofia ya mume wake kwa uongo, kwa mgeni, bure.

"Nimepona, koko," nilisema.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeomba."

"Ni mimi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, uso ukalegea, na nikaona jinsi alivyokuwa amebeba swali lile. Akaniambia nikalete maji.

Mdogo wa babu alisikia kwamba nimefika. Alikuja siku chache baadaye, mzee mkavu mwenye fimbo, akasimama uani, akakataa kiti. Aliniuliza mbele ya koko na mbele ya majirani: "Ni kweli kwamba wewe, binti wa mtoto wetu, ulituma watu kuichoma?"

Koko alikuwa ananitazama. Nikasema ni kweli.

Mzee hakunitukana. Alisema tu kwamba baba yangu alikuwa mtu mzuri, kisha akaondoka, na tangu pale hakuna nyumba ya ukoo ule iliyonikaribisha kula. Watoto waliitwa ndani nilipopita. Nilikaa na koko mpaka konje ilipokaribia kuisha, nikamtwangia, nikamwosha miguu, tukaenda pamoja shambani kwake. Jumapili tulienda katika kanisa dogo la pale. Aliomba kwa sauti, akamshukuru Mungu kwamba moyo wangu umefunguliwa. Nilisimama kando yake nimefumba macho, na ndani yangu palikuwa kimya vile vile kama kule Bukavu.

Niliporudi, nilihamia parwasi nyingine, ya Kadutu, ambako hakuna aliyenijua. Mjomba alisema nimewaaibisha. Maman kiongozi aliendelea kuongoza matayarisho ya safari nyingine, na wasichana waliendelea kwenda chumbani kwake mmoja mmoja.

Koko alikufa miaka miwili baadaye. Misheni ya kule ilikuwa na foni, redio ya mawasiliano, na habari ingeweza kunifikia Bukavu siku ile ile kama kuna mtu angetaka kuipeleka. Ukoo wa baba ulimzika bila kunijulisha. Niliambiwa na mfanyabiashara wa mawese, pale sokoni Kadutu, akiwa ananipimia chupa, na alishangaa kwamba sikujua. Aliniuliza kama anipunguzie bei kwa ajili ya msiba. Nilimwambia hapana, nikalipa, nikapanda mlima kwenda nyumbani.